Kwa nini sheria dhidi ya siri za soko la hisa haijamfikia mnunuzi wa Mandera

MFUGAJI anayetoka Takaba au Rhamu akiwaswaga mbuzi wake kuelekea soko la mifugo la mjini Mandera anaijua hatari moja isiyohusiana na ukame wala wezi wa mifugo. Hatari hiyo ni dalali anayemlaki njiani.

Dalali huyo huwa amekwisha kupiga simu Garissa na Nairobi. Anajua bei ya mbuzi katika soko la Kiamaiko asubuhi ile, anajua malori mangapi yamefika kutafuta mzigo, na anajua kwamba kufikia adhuhuri bei huenda ikapanda. Mfugaji hajui lolote kati ya hayo. Akiuza palepale njiani, hakuna aliyemtishia wala aliyemlazimisha. Amepunjwa tu na mtu aliyemzidi kwa habari.

Biashara ya namna hiyo ilikatazwa karne nyingi kabla ya kuwapo soko lolote la hisa. Katika mafundisho ya Kiislamu, dini ya wakazi wengi wa Mandera, Mtume Muhammad aliwakataza wafanyabiashara kwenda nje ya mji kuilaki misafara kabla haijafika sokoni. Aliyeuza mali yake kwa njia hiyo alipewa hiari ya kuyavunja mauzo pindi akifika sokoni na kuigundua bei halisi.

Kosa lilo hilo likitendeka katika Soko la Hisa la Nairobi, NSE, huitwa biashara ya habari za ndani. Mkurugenzi anayejua kwamba kampuni yake inakaribia kufilisika huuza hisa zake mapema kwa mnunuzi asiyejua. Mwanasheria anayeandika mkataba wa kampuni moja kununuliwa na nyingine humnong'oneza shemeji yake, naye shemeji hukimbilia kununua kabla ya tangazo. Katika hali zote mbili, kuna mtu upande wa pili aliyelakiwa njiani.

Kenya haijakosa sheria ya kuzuia uovu huo. Kasoro ni kwamba tangu sheria hiyo ianze kutumika, haijatoa mfano ulio wazi ambao mwananchi wa kawaida, awe Mandera, Garissa au Nairobi kwenyewe, anaweza kuuonyesha kwa kidole na kusema: huyu alitumia siri ya kampuni kujitajirisha, naye alitiwa hatiani mahakamani.

Soko lililozaliwa kwa upendeleo

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Enzi hizo za ukoloni biashara ya hisa ilikuwa ya Wazungu pekee. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kushiriki hadi baada ya Kenya kujitawala. Kwa maneno mengine, soko lenyewe lilianza kama mkusanyiko wa watu waliojuana, waliokutana na kuelezana mambo kabla hayajasikika kwingineko.

Wakazi wa Mandera walikuwa mbali zaidi na soko hilo kuliko Wakenya wengine. Eneo la Kaskazini Mashariki liliwekewa hali ya hatari mnamo Desemba 1963, nayo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Serikali ilipoanza kuwauzia wananchi hisa za mashirika yake, kwa mfano zile za Benki ya Biashara ya Kenya, KCB, mwaka 1988, mkazi wa Mandera alikuwa bado anaishi chini ya amri za dharura, takriban kilomita 1,000 kutoka kwa dalali wa hisa aliye Nairobi.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 2000. Kumbukumbu za hisa zilianza kuwekwa kwa njia ya elektroniki mwaka 2004, na vyeti vya karatasi vikaanza kuondoka. Mwaka 2006 kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen iliuza hisa kwa shilingi 11.90 kila moja, na zilipoanza kununuliwa na kuuzwa sokoni bei yake ikapanda zaidi ya maradufu. Wakenya ambao hawakuwahi kusikia neno hisa walianza kulitamka.

Kilele cha shamrashamra hizo kilikuwa mwaka 2008, Serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom, sawa na asilimia 25 ya kampuni hiyo, kwa shilingi 5 kila hisa. Maombi ya kununua yalizidi mara kadhaa idadi ya hisa zilizokuwapo. Watu waliuza mali, wengine wakakopa. Hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni Juni 9, 2008, na kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa imeporomoka chini ya shilingi 5.

Ni haki kusema kwamba anguko hilo halikutokana na siri za kampuni. Dunia nzima ilikuwa katika msukosuko wa fedha. Hata hivyo, lilikuja wakati mbaya. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo ilikuwa imeporomoka mwaka 2007, na ile ya Nyaga ikawekwa chini ya usimamizi maalumu mwaka 2008, huku wateja wakililia hisa zao. Mnunuzi mdogo alitoka katika kipindi hicho na imani moja: soko la hisa ni mchezo wa wenye kujua, naye si mmoja wao.

Kesi za Uchumi

Katika mazingira hayo ndipo sheria ilipojaribiwa mahakamani. Maduka ya Uchumi, yaliyoanzishwa mwaka 1975, yalifunga milango ghafla mwanzoni mwa Juni 2006 baada ya kulemewa na madeni. Uuzaji wa hisa zake ulisimamishwa. Maelfu ya wenye hisa walijikuta wameshika mali isiyoweza kuuzwa, na ilichukua hadi mwaka 2011 kwa hisa hizo kurejea sokoni.

Ilibainika baadaye kwamba si wote waliokwama. Mnamo 2008 mashtaka yalifunguliwa dhidi ya watu wawili waliodaiwa kuuza hisa zao za Uchumi kabla ya maduka kufungwa, huku wakijua hali halisi ya kampuni. Mmoja aliwahi kuwa afisa mkuu wa benki kubwa, na mwingine meneja ndani ya Uchumi yenyewe. Kesi hizo zilitazamwa kama mwanzo wa enzi mpya, maadamu hakuna aliyekuwa amefikishwa mahakamani nchini kwa kosa hilo.

Upande wa mashtaka ulishindwa. Washtakiwa wote wawili waliachiliwa, na mbele ya sheria hawana hatia. Kilichobaki ni funzo kuhusu ugumu wa kuthibitisha kosa lenyewe.

Ili mtu atiwe hatiani katika kesi ya jinai, sharti ithibitishwe pasi na shaka kwamba alikuwa na habari mahususi, kwamba habari hiyo ilikuwa bado haijatangazwa, kwamba ilikuwa na uzito wa kubadilisha bei, na kwamba aliitumia. Mshtakiwa akisema aliuza kwa sababu alihitaji karo ya watoto, au kwa sababu magazeti yalikuwa yameandika kwa miezi kadhaa kuwa kampuni ina matatizo, ni vigumu kumkanusha. Kuhusu Uchumi, nani nchini hakuwa amesikia fununu kwamba rafu za maduka zilikuwa zikibaki tupu?

Bunge lilijaribu kuziba mianya hiyo. Marekebisho ya mwaka 2013 yaliandika upya vifungu vinavyohusu kosa hili katika Sheria ya Masoko ya Mtaji, vikafafanua kwa urefu zaidi nani ni mtu wa ndani na habari za ndani ni zipi. Sheria haimgusi mkurugenzi na mfanyakazi tu. Inamgusa pia yeyote aliyepokea siri kutoka kwao na kuitumia. Adhabu ni faini au kifungo, na zaidi ya hapo mkosaji hutakiwa kulipa mara mbili ya faida aliyoipata au hasara aliyoikwepa.

Mtihani wa KenolKobil

Mtihani wa pili ulikuja Oktoba 2018. Kampuni ya Ufaransa ya Rubis Energie ilitangaza kwamba ingeinunua kampuni ya mafuta ya KenolKobil kwa shilingi 23 kila hisa, bei iliyokuwa juu sana kuliko ile ya sokoni wiki zilizotangulia. Mamlaka ya Masoko ya Mtaji, CMA, iliona kwamba katika siku za kabla ya tangazo hilo kulikuwa na ununuzi usio wa kawaida wa hisa za KenolKobil. Ilizifunga akaunti zilizoshukiwa na kuzuia fedha zilizokuwamo.

Chukulia mfanyabiashara wa Elwak aliyekuwa na hisa 1,000 za kampuni hiyo, akaziuza kwa shilingi 16 kila moja ili aongeze bidhaa dukani. Siku chache baadaye anasikia redioni kwamba hisa zilezile zinanunuliwa kwa shilingi 23. Amepoteza shilingi 7,000. Ikiwa aliyenunua hisa zake alijua kuhusu tangazo lililokuwa njiani, basi shilingi hizo hazikupotea hewani. Zimehama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na mwenye mfuko wa kwanza hakuwa na njia ya kujikinga.

Safari hii CMA haikungoja mahakama ya jinai. Ilitumia mamlaka yake ya kiutawala, yaani uwezo wa kumwita mtu ajieleze, kumtoza faini, kumnyang'anya faida na kumzuia kushika wadhifa katika kampuni za soko. Baadhi ya waliotajwa waliadhibiwa kwa njia hiyo, na baadhi ya adhabu hizo zikapingwa.

Njia hiyo ina manufaa na ina kasoro. Manufaa yake ni kasi, na kwamba kiwango cha ushahidi si kile kizito cha jinai. Kasoro yake ni kwamba chombo kilekile huchunguza, hushtaki na kuamua, na kila aliyeadhibiwa hupata hoja ya kudai kwamba hakutendewa haki. Fauka ya hayo, maamuzi ya namna hiyo hufanyika ofisini na hutangazwa kwa lugha ya kisheria. Mwananchi wa Mandera aliyepoteza shilingi zake 7,000 hasikii kesi ikisikilizwa, haoni shahidi akihojiwa, wala haelewi mwishowe nani alishinda.

Ushahidi wa dunia

Je, ni muhimu kweli kwamba mtu afikishwe mbele ya hakimu na ahukumiwe? Au yatosha kuwa na sheria nzuri kitabuni?

Mwaka 2002 wanauchumi wawili, Utpal Bhattacharya na Hazem Daouk, walichapisha utafiti uliojibu swali hilo. Walizitazama nchi 103 zilizokuwa na masoko ya hisa kufikia mwisho wa mwaka 1998. Nchi 87 kati ya hizo zilikuwa na sheria dhidi ya biashara ya habari za ndani. Ni nchi 38 pekee zilizokuwa zimewahi kumshtaki mtu yeyote.

Matokeo yao yalikuwa ya kushangaza. Kupitishwa kwa sheria hakukuwa na athari yoyote ya maana kwa gharama ambayo kampuni hulipa ili kupata mtaji kwa kuuza hisa. Gharama hiyo ilipungua pale tu mtu wa kwanza aliposhtakiwa. Wawekezaji, kumbe, hawakusoma vitabu vya sheria. Walitazama kama kuna anayeguswa.

Nchi tajiri nazo zilichelewa. Uingereza haikuifanya biashara hiyo kuwa jinai hadi mwaka 1980, Japani mwaka 1988, na Ujerumani ilingoja hadi mwaka 1994. Marekani, ambayo sheria yake ya masoko ya hisa ni ya mwaka 1934, ilichukua miongo kadhaa kabla ya mahakama zake kufafanua wajibu wa mtu mwenye siri ya kampuni: aidha aitangaze, au asinunue wala kuuza.

Hata huko, ushindi mkubwa wa waendesha mashtaka haukupatikana kwa ufasaha wa sheria. Raj Rajaratnam, aliyemiliki mfuko wa uwekezaji wa Galleon, alikamatwa mwaka 2009 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 11 mwaka 2011 kwa sababu wapelelezi walikuwa wamepata idhini ya mahakama ya kunasa mazungumzo yake ya simu. Rajat Gupta, aliyekuwa mkurugenzi wa benki ya Goldman Sachs, alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kumpenyezea siri za benki hiyo. Ushahidi ulikuwa sauti, saa na dakika za simu.

Funzo kwa Kenya ni kwamba kesi ya namna hii hujengwa mapema, wakati nyayo bado ni mbichi. Kila agizo la kununua hisa lina saa yake, kila akaunti ina jina lake, na kila simu huacha kumbukumbu. Tangu mwaka 2020 kampuni nchini zinatakiwa kuwasilisha kwa msajili majina ya wamiliki wake halisi, jambo linalopunguza uwezo wa mtu kujificha nyuma ya jina la kampuni. Kilichobaki ni kuziunganisha kumbukumbu hizo kwa haraka na kwa ustadi utakaostahimili maswali ya mawakili.

Hoja ya wanaopinga

Wapo wanaoamini kwamba jitihada zote hizi ni bure. Mwaka 1966 msomi wa sheria wa Marekani, Henry Manne, alidai kuwa mtu wa ndani anaponunua au kuuza, bei ya hisa husogea kuelekea thamani yake halisi, na kwa hivyo soko lote hufaidika kwa kupata dokezo mapema. Alidai pia kwamba faida hiyo ni ujira halali wa meneja hodari.

Hoja hiyo ina mvuto wake, lakini katika soko kama la Nairobi inayumba. NSE ina kampuni zipatazo 60 hivi, na nyingi kati yake hisa zake huuzwa kwa uchache mno kwa siku. Safaricom peke yake hubeba sehemu kubwa ya thamani ya soko zima. Katika soko jembamba kiasi hicho, anayejua siri hahitaji fedha nyingi kuvuna faida nono, na anayeuza kwa haraka hana wanunuzi wengi wa kuchagua.

Kuhusu ujira wa meneja, ni vyema kukumbuka kwamba siri ya habari mbaya huleta faida sawa na siri ya habari njema. Meneja aliyeiangusha kampuni angeweza kujilipa kwa kuuza mapema, huku wafanyakazi na wenye hisa wakibaki na magofu. Nchi gani ingetaka kumzawadia nahodha anayekuwa wa kwanza kuruka chomboni?

Mandera imo sokoni, ijue isijue

Huenda msomaji akauliza mambo haya yana uzito gani katika kaunti ambayo wakazi wake wengi hutegemea ngamia, mbuzi na biashara ya mpakani na Ethiopia na Somalia. Jibu ni kwamba wengi wao wamo katika soko la hisa bila kujua.

Mwalimu wa shule ya binafsi ya Mandera, mlinzi wa duka, na mfanyakazi yeyote anayekatwa mchango wa Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni mmiliki wa hisa kwa njia ya hazina hiyo, ambayo ni miongoni mwa wawekezaji wakubwa katika NSE. Tangu mwaka 2023 michango hiyo imepanda. Kila mara mtu mwenye siri anapoiuzia hazina ya wafanyakazi hisa za kampuni inayozama, anayelipa ni mstaafu ambaye hajawahi kumwona dalali wa hisa maishani mwake.

Milango mingine pia imefunguka. Wapo Waislamu waliokuwa wakiliepuka soko hili kwa sababu ya riba. Julai 2023 Sukuk ya Linzi, hati ya uwekezaji inayofuata sheria za Kiislamu na yenye thamani ya shilingi bilioni 3, iliandikishwa katika NSE ili kugharamia ujenzi wa nyumba. Agosti 2025 soko hilo liliondoa sharti la kununua angalau hisa 100 kwa mkupuo, na sasa mtu anaweza kununua hata hisa moja. Kwa kijana wa Mandera mwenye simu, safari ya kilomita 1,000 imefupika ikawa kugusa kioo mara chache.

Serikali nayo inaendelea kuuza mali. Desemba 2025 ilitangaza nia ya kuiuzia kampuni ya Vodacom asilimia 15 ya hisa za Safaricom kwa shilingi 34 kila hisa. Mpango wa ukubwa huo hauandaliwi kwa siku moja. Hupitia mikononi mwa maafisa wa wizara, mawakili, mabenki, wahasibu na washauri, na kila mmoja wao anakuwa mtu wa ndani kwa muda wote kabla ya tangazo. Kusema hivyo si kumtuhumu yeyote. Ni kuonyesha jinsi orodha ya wanaojua inavyorefuka kadiri mauzo yanavyokuwa makubwa.

Hapo pana hatari isiyotajwa sana. Mlango umefunguliwa kwa mnunuzi mdogo kabla ya ulinzi kukamilika. Iwapo atapunjwa, hatarudi, na wala hatamshauri jirani yake aende. Waliochomeka mwaka 2008 walikaa mbali kwa miaka mingi. Akiba ya eneo kama Mandera itarejea palepale ilipokuwa, katika mifugo inayoweza kufa yote katika ukame mmoja, kama ilivyoshuhudiwa kati ya mwaka 2020 na 2023 mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu.

Yaliyo ndani ya uwezo

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Kanuni zinazitaka kampuni za soko kutangaza bila kuchelewa jambo lolote linaloweza kugusa bei ya hisa zake, na kutoa onyo mapema iwapo faida yake inatarajiwa kushuka kwa angalau asilimia 25 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Siri ikidumu kwa saa chache badala ya wiki, nafasi ya kuitumia hupungua. Kampuni inayochelewesha onyo hilo yafaa iulizwe nani miongoni mwa wakuu wake aliuza hisa katika muda huo.

Hatua ya pili ni lugha. Matangazo hayo aghalabu huchapishwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa kila mwezi taarifa kuhusu hali ya kila kaunti kame, zikiwemo bei za mifugo, na imejulikana siku nyingi kwamba taarifa ya namna hiyo humfaa mfugaji inapomfikia kwa lugha anayoielewa. CMA ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, na kwa Kisomali kupitia redio zinazosikika Kaskazini Mashariki. Tangazo ambalo nusu ya wenye hisa hawalielewi, kwao bado ni siri.

Hatua ya tatu ni elimu inayoanzia pale watu walipo. Maafisa wanaotumwa mashinani kufundisha kuhusu hisa huja na istilahi za Nairobi. Mandera wangeeleweka upesi zaidi wakianza na dalali anayelaki mifugo njiani, maana kila mzee sokoni anajua kwa nini jambo hilo lilikatazwa. Maimamu wanaozungumzia haki katika biashara wangeweza kuwa wabia katika kazi hiyo.

Hatua hiyo ingegusa pia utamaduni ambao Wakenya hawapendi kuujadili. Mtu aliye na cheo hutarajiwa kuwafaa ndugu zake, na dokezo kuhusu hisa huonekana kama ukarimu wa kawaida, unaotolewa harusini au kwenye chai. Anayelitoa hajioni mwizi, kwa kuwa hamjui anayeibiwa. Sheria inamwita mhalifu, lakini jamaa zake humwita mtu mwema. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na faini peke yake.

Hatua ya nne, na iliyo nzito zaidi, ni kesi iliyoandaliwa vyema na kusikilizwa hadharani hadi mwisho. Si lazima iwe ya kigogo. Si lazima iwe ya mamilioni mengi. Yatosha ushahidi uwe kamili, mshtakiwa apewe haki zake zote, na hukumu iandikwe kwa namna ambayo mahakama nyingine zitaifuata. CMA inahitaji wapelelezi wanaoielewa hesabu ya masoko, na afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma inahitaji mawakili waliobobea katika kesi za aina hii, badala ya kuwachanganya na wale wanaoshughulikia wizi wa kawaida.

Yapo madai kwamba hukumu kali itawaogofya wawekezaji wakubwa. Utafiti wa nchi 103 unaonyesha kinyume chake. Mwekezaji, mkubwa kwa mdogo, huogopa zaidi soko ambalo hajui anacheza na nani.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Katika soko la hisa, hata hivyo, macho ya wengi yamefunikwa kwa makusudi hadi wachache wamalize kuchagua. Sheria ya kuwafunua ipo tangu zamani. Kufikia sasa, kesi ya jinai ambayo ingewathibitishia wakazi wa Mandera kwamba sheria hiyo ina meno bado haijapata hukumu yake.